Nikishakula tu nasepa: mpango wa simu ya saa tatu na nusu una kasoro wapi?

Mzee wa Uru (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba wenye kuijua karata mnikagulie mpango huu kabla ya Ijumaa.

Mchezo ni poka ya nyumbani, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Watu wanane, kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Madau ya lazima, yale ambayo wawili kwa zamu huyaweka kila mkono (mgao mmoja wa karata) kabla ya kuona karata, ni 500 na 1,000, mtaji wa kuingia 40,000, na mwenyeji hachukui kato. Ugonjwa wa meza hii unajulikana: saa tatu mtu amekula, saa tano ameliwa, saa sita anaomba nauli. Dawa niliyobuni ni kula kona wakati bado nimekula. Imejengwa hivi:

1. Lengo ni 10,000. Chipu zikifika 50,000, kazi imeisha.

2. Saa tatu na nusu simu inaita. Ukweli ni alamu, ila imewekewa mlio wa simu. Nikiwa nimekula napokea: "Ee mama Rehema, nakuja." Nikiwa nimeliwa naikata, nasema ni wale watu wa kuuza milio. Inarudia kila baada ya dakika 20 hadi hali iwe nzuri.

3. Visingizio vinne kwa zamu, kimoja kila Ijumaa: mtoto ana homa, geti linafungwa saa nne, LUKU imeisha, mgeni ameshuka stendi ya Mbezi.

4. Kila nikila pesa ya kueleweka, chipu mbili za 1,000 zinaingia mfuko wa shati, ili rundo langu lisionekane limenenepa.

5. Bodaboda anasubiri nje kuanzia saa tatu na robo. Kusubiri pamoja na safari ni 5,000.

Swali la kwanza ni la hesabu: mpango unalipa au haulipi? La pili: wenzangu watachukua Ijumaa ngapi kugundua?

Hesabu Kavu

Mkuu, umepanga vizuri kuliko kamati nyingi za harusi. Tuanze na namba, mama Rehema tutamfikia.

Chukulia meza haina upendeleo, yaani hakuna anayemzidi mwenzake ujuzi. Una 40,000 na unasubiri moja kati ya mawili: zifike 50,000 uondoke, au ziishe. Nafasi ya kufika 50,000 kwanza ni mtaji ukigawanywa kwa kiasi unachokitafuta: 40 kwa 50, mara 80 katika 100. Ndiyo maana mpango huu unapendeza sana ukiuangalia kwa mbali. Katika Ijumaa tano, kwa wastani nne utarudi nyumbani unapiga mluzi.

Sasa zidisha. Ijumaa nne mara 10,000 ni 40,000. Ijumaa ya tano unaacha mezani 40,000. Jumla ni sifuri, na ni sifuri kwa lengo lolote utakaloweka. Ukilenga 40,000 unafanikiwa nusu ya mara. Ukilenga 4,000 unafanikiwa mara 40 katika 44, karibu 91 katika 100, na ile mara chache unayoshindwa inalamba kila ulichokusanya. Kanuni ya kuondoka inachonga umbo la matokeo tu: ushindi mdogo mdogo mwingi na kipigo kimoja kizito, au kinyume chake. Kichwa kinahesabu Ijumaa, ndiyo maana kinasema unashinda. Mfuko unahesabu shilingi.

Halafu kuna bodaboda. Ijumaa tano mara 5,000 ni 25,000, na hiyo unalipa ukila au ukiliwa. Ili usitoke na hasara inabidi ufanikiwe mara 90 katika 100, wakati meza inakupa 80. Ukisema upunguze lengo liwe 5,000, utafanikiwa karibu mara 89 katika 100, na kila ukifanikiwa ushindi wote unaishia kwa dereva. Katika mpango mzima mwenye faida ya uhakika ni mmoja tu, na yuko nje amekaa juu ya pikipiki.

Ukiuhamishia kasino kwenye ishirini na moja, ule mchezo wa kuikaribia jumla ya 21 bila kuipita, sifuri yenyewe inashuka chini ya sifuri. Mchezaji anayefuata jedwali la uchezaji sahihi bila kukosea, kwenye meza yenye kanuni nzuri, nyumba (kasino yenyewe) inabaki na takriban nusu shilingi katika kila 100 anazoweka. Ukiweka 2,000 kwa mkono, mikono 60 kwa saa, umezungusha 120,000, na nyumba kwa wastani imekata 600. Kabla hujakaa soma kitambaa cha meza: mwenye ree (karata ya A) na karata yenye thamani ya kumi analipwa 3 kwa 2 au 6 kwa 5? Kwa dau la 10,000 tofauti ni 15,000 na 12,000. Hilo peke yake linaongeza karibu shilingi 1.40 kwa kila 100 kwa upande wa nyumba, karibu mara tatu ya kato la mwanzo. Hapo kutoka mapema kunasaidia kweli, ila kunasaidia kwa sababu umecheza mikono michache. Ungetoka mapema ukiwa umeliwa, msaada ungekuwa uleule.

Ustadh wa Mtaa

Kamari ni haramu na pesa yake haina baraka. Mpango bora wa kutoka mezani ni kutokaa. Nimemaliza.

Bi Turufu

Hesabu Kavu amechukulia kwamba wote mnalingana. Kwenye poka hamlingani, na hapo ndipo mpango wa Mzee wa Uru unapogeuka kutoka sifuri kuwa hasara.

Soma tena kipengele cha pili. Akiwa amekula anaondoka saa tatu na nusu. Akiwa ameliwa anabaki hadi saa sita. Maana yake saa zake za kucheza akiwa na rundo kubwa na akili iliyotulia ni chache, na saa zake za kucheza akiwa na rundo dogo, amechoka na anataka kurudisha, ni nyingi. Angetaka kubuni njia ya kucheza vibaya kwa muda mrefu zaidi asingepata nzuri kuliko hiyo. Mtu anayerudisha huanza kufuata dau kwa magarasa. Saba na mbili za rangi tofauti, karata ambazo saa mbili angezilaza bila kuziangalia mara ya pili, saa tano anaziona zina mwelekeo.

Kuna na suala la muda. Meza ya nyumbani inayogawa kwa mkono inatoa kama mikono 25 kwa saa. Kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu utaona mikono 37 hivi. Ree mbili za kuanzia huja kwa wastani mara moja katika mikono 221, kwa hiyo ndani ya dirisha lako utaziona kama mara moja kwa Ijumaa sita. Kwa mikono 37 huwezi kujua kama umekula kwa ujuzi au umelamba dume tu. Saa tatu na nusu haikuambii chochote kuhusu saa nne.

Kibaya kuliko vyote ni chipu za mfukoni. Poka huchezwa kwa kilicho mezani: huwezi kula kwa mtu mmoja zaidi ya ulichonacho mbele yako. Tuseme una 46,000, ukaficha 6,000, zimebaki 40,000. Unapata mkono usiopigika, jamaa wa upande wa pili ana 60,000 na yuko tayari kuziweka zote. Utachukua 40,000 kwake badala ya 46,000. Hizo 6,000 mfukoni zimekugharimu 6,000 nyingine. Na ukishapunguza rundo, wale wanaocheza vizuri wanaanza kukubana, kwa sababu hawana cha kuogopa kwako.

Kama unataka kanuni ya kuondoka, iangalie meza, usiangalie rundo lako. Kwenye watu wanane kawaida wapo wawili wanaofuata kila dau hadi karata ya mwisho. Pesa nyingi za meza zinapita kwao. Wakiwepo na wewe macho makavu, kaa, hata kama umeshakula 30,000. Wakiondoka, au ukijikuta umerudia mara mbili kuangalia karata zako kwa sababu umezisahau, inuka, hata kama umeliwa. Hiyo ya pili ndiyo ngumu.

Mgawaji wa Zamu

Mimi niende kwenye vifaa, maana mpango huu utakufa kwa vifaa kabla haujafa kwa hesabu.

Chipu za mfukoni kwanza. Watu wanane kwa 40,000 ni chipu za 320,000 zilizotoka kwenye boksi la mwenyeji. Wakati wa kufunga lazima 320,000 zirudi, pamoja na za walioongeza mtaji. Chipu ya mfukoni ni kipande cha plastiki hadi irudi kwa mwenyeji kubadilishwa. Sasa utazitoaje kwenye shati mbele ya macho kumi na manne? Ukizipeleka wiki inayofuata ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu wiki hii hesabu itakuwa imepungua na mwenyeji ameshazifidia kwa pesa yake. Kwenye vyumba vya poka vyenye leseni kupunguza chipu mezani ni kosa, na ukiondoka ukarudi ndani ya muda uliowekwa na nyumba, unaingia na kiasi kilekile ulichoondoka nacho. Meza za mtandaoni nyingi zinafanya hivyo zenyewe: zinakumbuka rundo lako. Sababu ni ileile aliyoisema Bi Turufu: aliyeliwa ana haki ya kuigombea pesa yake wakati bado uko mezani.

Simu. Alamu ina tabia tatu ambazo simu ya kweli haina. Inaita hata ukiwa umezima sauti, na jirani yako aliona ukizima. Inaita kwa dakika kamili: 3:30, 3:50, 4:10, na kufikia Ijumaa ya pili kuna mtu ataanza kuangalia saa kabla yako. Na kwenye kioo inaandika saa kubwa na kitufe cha kuahirisha, jina la mtu halipo. Ukikosea kuibonyeza unaipeleka sikioni ikiwa bado inalia, unamwambia mama Rehema "nakuja" huku mlio unaendelea. Isitoshe, meza nyingi zinahesabu mkono wa anayepokea simu katikati ya mchezo kuwa umekufa. Alamu haijui kama una ree mbili.

Visingizio. LUKU toa kabisa: inanunuliwa kwa simu ileile uliyoishika, tarakimu 20 zinaingia kwa ujumbe, mama Rehema anaziingiza mwenyewe. Kuna atakayekununulia hapohapo kwa hisani ili ubaki. Homa ya mtoto ni mbaya, kwa sababu kesho yake wake wa wachezaji watapiga simu kumpa pole mtu asiye na habari. Mgeni wa Mbezi atakubalika mara moja, wiki inayofuata wataulizia alipo. Linalosimama ni geti la saa nne, na linasimama kwa sharti moja: liwe linafungwa hata ukiwa umeliwa. Geti linalofungwa siku za ushindi peke yake litagunduliwa Ijumaa ya tatu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukifika tu, kabla karata hazijachangwa, sema kwa sauti: "Jamani mimi leo mwisho saa nne." Saa nne kasorobo kumbusha: "Huu mzunguko wangu wa mwisho." Cheza hadi dau la lazima kubwa lifike kwako, na hapo ndipo pa kuinukia. Mzunguko uliopita ulishaulipia 1,500, mwingine bado haujauanza, hakuna anayekudai. Panga chipu kwa rangi, mafungu ya kumi kumi, mwenyeji ahesabu mbele yako, chukua pesa. Hakuna simu, hakuna homa. Hata ukiondoka na 90,000 hakuna atakayenuna sana, kwa sababu walijua tangu saa mbili.

Jambo la mwisho, na hili ndilo tundu kubwa kuliko yote. Tumechukulia kwamba ukiliwa mtaji ukaisha, ndiyo mwisho. Mpango wako hausemi hivyo, wala hausemi simu itakuwa wapi. Simu hiyohiyo inayokuita utoke ndiyo yenye salio la kuongeza mtaji. Saa nne na nusu 40,000 imeisha, unamtumia mwenyeji nyingine kwa simu, sekunde kumi, hata hujainuka kwenye kiti. Hesabu ya 80 katika 100 aliyokupa Hesabu Kavu ilidhani kipigo ni 40,000. Ukiongeza mara moja kipigo ni 80,000, na kinafuta ushindi wa Ijumaa nane.

Mzee wa Uru

Dah. Mmenivua nguo hadharani. Nakubali chipu za shati zife, na alamu pia.

Ila Hesabu Kavu, hebu nisaidie hapa. Vipi nikiacha poka, nikaenda kasino kwenye ishirini na moja, nikawa nazidisha dau? Naweka 2,000. Nikiliwa naweka 4,000, halafu 8,000, halafu 16,000. Nikila mara moja tu nimerudisha zote na 2,000 juu. Nikifikisha 10,000 naondoka. Hapo si lazima nitoke nimekula?

Hesabu Kavu

Jumlisha ngazi: 2,000 na 4,000 na 8,000 na 16,000 ni 30,000. Ngazi ya tano inataka 32,000, wewe umebakiwa na 10,000. Kwa hiyo una ngazi nne tu. Hata mchezo ungekuwa nusu kwa nusu, kuliwa mara nne mfululizo kunatokea mara moja katika 16. Mara 15 unakula 2,000, jumla 30,000. Mara moja unaliwa 30,000. Sifuri yetu imerudi, imebadilisha shati tu.

Kufikisha 10,000 unahitaji kuzipanda ngazi hizo mara tano bila kuliwa zote nne hata mara moja, na nafasi ya hilo ni kama 72 katika 100 kwenye mchezo wa nusu kwa nusu. Kwenye ishirini na moja halisi kuna mikono ya sare, ya kulipwa zaidi na ya kuongeza dau katikati. Hiyo ya mwisho inakuvunjia ngazi, kwa sababu jedwali likikuambia uongeze dau ukiwa kwenye 16,000, hizo 16,000 nyingine mwanzoni huna. Usipoongeza umecheza vibaya, na kato la nyumba linapanda. Meza nazo zina kikomo cha juu cha dau, na kikomo hicho kinakatia ngazi hata yule mwenye pesa nyingi.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Casanova, yule Mwitaliano maarufu kwa mapenzi na kamari, aliitumia mjini Venice mwaka 1754, kwenye Ridotto, nyumba ya kamari iliyofunguliwa na serikali ya mji ule mwaka 1638. Alikuwa anazidisha dau kila akiliwa, tena kwa pesa ya mpenzi wake. Mwanzoni alikula vizuri sana. Kisha ikaja ile mara moja, pesa ya bibie ikaisha yote.

Kijana wa Msimbazi

Niongeze kwa wasomaji wengine, maana kuna atakayeuchukua mpango wa "nakula kidogo natoka" akaenda nao kwenye karata tatu za barabarani, ule mchezo wa kuonyesha karata moja nzuri iko wapi baada ya zote tatu kurushwa kifudifudi. Pale hautumiki kwa sababu nyepesi: huli.

Mchezeshaji anashika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Jicho lako linategemea ya chini idondoke kwanza. Anachofanya ni kuiachia ya juu, na kuanzia hapo unaifuata karata isiyo yenyewe kwa uangalifu mkubwa. Wale wanaokula mbele yako ni wenzake. Kuna na mchezo wa kona: mwenzake anaikunja kona ya karata nzuri mchezeshaji "akiwa ameangalia pembeni", unaona umepata siri. Wakati wa kuzirusha mchezeshaji anaikunjua na kukunja nyingine. Unaweka dau kubwa kwenye kona iliyokunjwa, unafunua garasa. Na ukibahatika kuonyesha karata sahihi, mwenzao mmoja anaweka dau kubwa kuliko lako kwenye karata nyingine na mchezeshaji anapokea la mkubwa tu, au mtu anapiga kelele "polisi!" na boksi linakunjwa, na pesa yako imo.

Mgawaji wa Zamu

Ameeleza vizuri. Na kwa Mzee wa Uru, angalizo moja kuhusu meza ya nyumbani: siku mwenyeji akianza kukata hata 500 kwa kila pesa ya katikati, ameanza kuendesha biashara ya kamari, na hiyo inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya 2003. Hapo toka hata kama hujala. Polisi wakigonga hawaulizi nani alikuwa na faida.

Bi Turufu

Wakati uko kwenye marekebisho, ongeza mtaji bila kuongeza pesa. Najua inasikika kinyume. Namaanisha madau: kama 40,000 ndiyo kiasi unachoweza kukipoteza bila mama Rehema kujua, waombe wenzako mshushe yawe 200 na 400. Kwa 500 na 1,000 umekaa na madau makubwa 40 tu, mikono miwili mibaya umekwisha. Kwa 200 na 400 unakuwa nayo 100, na kuna nafasi ya kucheza poka yenyewe badala ya kusubiri muujiza wa kuweka zote. Usiku unakuwa mrefu kwa pesa ileile.

Mzee wa Uru

Nimepokea. Basi mpango mpya: geti la saa nne, linafungwa nikila nikiliwa. Natangaza nikifika. Taslimu 40,000 tu, madau 200 na 400 wakikubali. Bodaboda simsubirishi, nitamkuta barabarani. Simu naiacha nyumbani.

Ila nikiiacha simu nyumbani, nitajuaje imefika saa nne kasorobo?

Mgawaji wa Zamu

Saa ya mkono ya plastiki, Kariakoo. Bei yake ni kama ya bodaboda wako wa Ijumaa moja.